Wiki isiyo na sindano: kisa cha siku tatu Bagamoyo

Mtoto ni binti wa miaka minne, wa pili kuzaliwa. Mimi ni shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, na nilifanya kazi ya uuguzi miaka 32 kabla ya kustaafu. Tangu Februari, yeye na mama yake wanaishi kwangu Mbagala kwa sababu ya matibabu. Baba na kaka yake wa miaka tisa walibaki Songea, baba kwenye karakana yake ya useremala, mtoto shuleni, akilala kwa bibi. Wazazi wamesoma nilichoandika na wamekubali kitoke. Majina nimeyaacha.

Niseme mapema ninachokichambua. Ugonjwa nitaueleza kwa kiasi cha kumfanya msomaji aelewe, lakini swali langu ni jingine. Wifi yangu aliambiwa "shukuru" na watu wengi kwa miezi mitano, mimi nikiwemo, na hakuweza. Kisha akashukuru mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akiwa amechuchumaa kwenye mlango wa choo cha nyumba ya wageni Bagamoyo, Jumamosi saa moja asubuhi. Nataka kuelewa nini kilikuwa tofauti.

Hali ilivyokuwa

Katikati ya Januari alikuwa anamwogesha mtoto, mkono ukakutana na kitu kigumu upande wa kulia wa tumbo. Mtoto hakulalamika maumivu, hakuwa na homa, alikuwa anacheza na kopo la kuogea. Uvimbe wa Wilms mara nyingi hujitokeza hivyo. Ni saratani ya figo inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, na anayeigundua kwa kawaida ni mzazi, beseni likiwa mbele yake. Mahali pa kwanza walipokwenda waliambiwa ni wengu na minyoo, zikapotea wiki mbili. Sitakaa hapo.

Dar es Salaam walifanya altrasaundi na CT, yaani picha za ndani ya mwili, jibu likapatikana. Alipewa dawa kwanza kwa wiki nne ili uvimbe usinyae, kisha mwisho wa Machi figo ya kulia ikatolewa. Maabara ikasema ni hatua ya pili: uvimbe ulikuwa umevuka kidogo mpaka wa figo, lakini uliondolewa wote. Baada ya upasuaji akapangiwa wiki 27 za dawa mbili, vinkristini na aktinomaisini.

Aktinomaisini ilimtapisha na kummaliza nywele. Vinkristini ina tabia nyingine. Inagusa mishipa ya fahamu, utumbo unapooza, mtoto anakaa siku nne au tano bila choo, tumbo likiwa gumu kama ngoma. Vidole vya mguu navyo vinashindwa kuinuka vizuri wakati wa kutembea. Kuanzia Mei mguu wake wa kulia ulikuwa unaburuta. Daktari alitueleza kwamba kwa watoto wengi hali hiyo hurekebika pole pole dawa zikiisha. Mama yake alilisikia neno "wengi" na kubaki nalo.

Kuhusu pesa: dawa za saratani alizipata bila malipo. Kinachoimaliza familia ni kile kisichoning'inia kwenye dripu, yaani nauli, chakula, vipimo vya hapa na pale, kazi aliyoiacha mama sokoni. Kwa hiyo ndugu na majirani wakachanga. Lilifunguliwa kundi la WhatsApp lenye watu 64. Kila mchango ulipoingia, wifi aliandika asante. Aliyetoa elfu mbili aliandikiwa, aliyetoa laki aliandikiwa na kupigiwa. Kila Jumapili alituma taarifa ya maendeleo na asante ya jumla. Wodini alishukuru wauguzi, mtu wa maabara, mama wa kitanda cha jirani aliyemwazima thermosi. Nyumbani alinishukuru mimi kila jioni kwa sahani ya ugali, mpaka nikamwomba aache.

Usiku mmoja wa Mei aliniambia, "Wifi, mdomo wangu umekuwa wa kulipa tu. Kila asante ninayotoa nahisi kama nahesabia mtu senti za deni."

Sikumwelewa. Nilidhani amechoka. Sasa naona hayo ndiyo yalikuwa maneno muhimu kuliko yote aliyowahi kunieleza.

Kosa langu

Siku majibu ya maabara yalipotoka baada ya upasuaji, nilifurahi sana. Nilimshika mabega palepale wodini nikamwambia, "Mshukuru Mungu, wifi. Wengine hawafiki hata mezani pa upasuaji."

Sikuwa nimesema uongo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Niliyaona mwenyewe kazini, watoto wanaoletwa uvimbe ukiwa umeshajaza tumbo. Lakini vitanda viwili kutoka pale tuliposimama alikuwa amekaa mama ambaye mtoto wake alifariki alfajiri ile, anasubiri gari. Wifi alimtazama yule mama, akanitazama mimi, akatoka nje. Siku mbili hakusema nami ila salamu.

Baadaye aliniuliza, "Nikishukuru kwa sababu wa kwangu amepona kisu na wa mwenzangu amekufa, hiyo ni shukrani gani?" Sikuwa na jibu. Nimehudhuria vitanda vingi vya wagonjwa na nimelitamka neno lile mara nyingi kwa moyo mwema. Sijui niliwaumiza wangapi.

Kuamua kuondoka

Wiki nane za mwanzo baada ya upasuaji sindano ilikuwa kila wiki. Kisha mpangilio ukalegea: wiki mbili za dawa, moja bila. Wiki ya 13, isiyo na dawa, iliangukia mwisho wa Juni, shule zikiwa zimefungwa. Mdogo wangu alikuwa anakuja Dar es Salaam na yule mkubwa. Watu wanne wa nyumba moja, na tangu Februari hawakuwa wamelala chini ya paa moja zaidi ya siku chache za upasuaji. Hata siku hizo mkubwa hakuwepo.

Nikapendekeza Bagamoyo, Ijumaa hadi Jumapili. Baba wa mtoto alikataa. Alisema watu wamechanga pesa za matibabu, wakisikia tuko baharini watasema nini? Nikamwambia pesa ni zangu, za kiinua mgongo, na hesabu nikaiweka mezani: vyumba viwili kwa usiku mbili, shilingi 160,000, mafuta ya gari la kijana wa jirani, 60,000, chakula 75,000. Jumla 295,000. Alikubali kwa shingo upande. Wifi hakukataa wala hakukubali. Alisema tu, "Kama daktari ataruhusu."

Naeleza masharti kwa kirefu kwa sababu mzazi mwingine anaweza kuyahitaji, na kwa sababu bila hayo safari ingekuwa uzembe. Tulipima damu Alhamisi, seli nyeupe zinazopigana na vijidudu zilikuwa zimepanda vya kutosha. Daktari akaridhia kwa makubaliano: tusipande daladala la kubanana, tusiende umbali wa kutuzuia kurudi hospitali ndani ya saa mbili au tatu, na Bagamoyo iko kilomita 70 hivi. Maji ya chupa au yaliyochemshwa, samaki wa kukaangwa papo hapo, matunda ya kumenya wenyewe. Kofia na kivuli. Baharini mwisho magotini, na asiachwe acheze michezo ya kugongwa tumbo, kwa kuwa figo imebaki moja. Kipimajoto kwenye mkoba, na karatasi ya matibabu inayotaja dawa zote na namba ya wodi. Joto likifika nyuzi 38, hakuna kusubiri asubuhi. Wala asipewe panado kabla ya kupimwa, maana inashusha homa na kuficha hatari iliyoko damuni.

Nikaongeza sharti langu: mkoba ule ningeubeba mimi. Kupima joto, kukumbuka dawa ya kulainisha choo, kuuliza maji yamechemshwa au la, vyote vingekuwa juu yangu kwa siku tatu. Wifi alibisha. Alikuwa ameubeba tangu Februari na hakuamini mkono mwingine, hata wa muuguzi. Alinipa mkoba tulipofika Bunju.

Siku tatu

Ijumaa ilikuwa mbaya. Niliiogopa nafsi yangu kwa kuwaburuta watu huko. Wifi alifuta vitasa vya milango kwa spiriti, akakagua neti, akakaa kitandani na simu mkononi akijibu watu. Mtoto hakula. Yule mkubwa alikuwa anamwita mama yake "shikamoo mama" na kusimama mbali, kama mtoto wa jirani. Mdogo wangu alitembea ufukweni peke yake mpaka magharibi. Watu husema mtu akibadilisha hewa anapumua. Siku ya kwanza hakuna aliyepumua.

Mtoto alikuwa na siku ya tano bila choo. Jioni nilimpa dawa yake na vipande vya papai, usiku tena maji. Jumamosi saa moja asubuhi nikasikia wifi ananiita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikakimbia nikijua ni damu. Mtoto alikuwa amekaa chooni, jasho usoni, anacheka. Wifi amechuchumaa mlangoni, amemshika magoti yote mawili, machozi yanamtiririka, anasema, "Asante. Asante. Asante." Hakunitazama. Hakuwa anamwambia mtoto, wala mimi mwenye papai.

Nilirudi chumbani kwangu nikakaa.

Baada ya chai mtoto alikula chapati nzima. Tukaenda Kaole, mwendo mfupi kusini mwa mji, kwenye magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, mji ulioanza karne ya 13. Pana mbuyu mkubwa pale, na mtembezaji akatueleza kwamba anayeuzunguka huongezewa miaka ya kuishi. Kimya kikaanguka. Yule mkubwa akamshika mdogo wake mkono, bila kuuliza mtu, wakaanza kuzunguka, yeye akipunguza hatua ili mguu unaoburuta usiachwe nyuma. Baba yao alitazama pembeni. Wifi ni Mkatoliki wa nguvu na haamini miti. Alisimama amekunja mikono, uso mkavu. Usiku ndipo aliponiambia kwamba alihesabu mizunguko, ilikuwa saba, na kwamba alitamani kuwazuia na alitamani waendelee, na kwamba pale hakushukuru chochote. Aliogopa tu. Naliweka hili kwa makusudi. Mahali palipoonekana pamepangwa kwa ajili ya kuguswa moyo, moyo ulifunga.

Mchana maji yalikupwa, watoto wakashuka kwenye mchanga uliolowa. Unyayo wa kushoto wa binti yetu ulitoka mzima. Wa kulia ulikuwa na mkia, mstari uliochorwa na vidole visivyoinuka. Kaka yake akaona ni mchezo, naye akaanza kuburuta wa kwake, mpaka ufuko wote ukawa na nyayo zenye mikia. Ndipo akaja kumuuliza mama yake, "Mama, na mimi nikiumwa utakuja kunichukua kwa bibi?"

Wifi akamwambia, "Hata usipoumwa." Akamvuta mapajani, mtoto wa miaka tisa, miguu ikining'inia, na hakumwachia mpaka maji yaliporudi.

Usiku huo, saa nne, nilipima nyuzi 37.7. Nikawaambia wazazi, maana sikuwa na haki ya kuficha. Tukapanga: tunapima kila nusu saa, ikigusa 38 gari linawashwa, na wakati huohuo napiga simu wodini. Dereva aliamshwa akalala na ufunguo. Tulikaa sote chumba kimoja, mkubwa amelala miguuni mwa mdogo wake. Saa tano 37.8. Saa sita 37.6. Saa nane 37.3. Saa kumi 36.9, na akaomba maji. Sababu sikuijua, labda jua, labda uchovu. Tulirudi kupima damu Jumatatu, ilikuwa salama.

Alfajiri mdogo wangu alinikuta nje. Akasema, "Dada, leo nimeogopa nikiwa na watu wangu wote chumba kimoja. Songea nilikuwa naogopa peke yangu." Kisha akaenda kutafuta maandazi ya moto.

Ujumbe wa Jumapili

Wifi alikuwa amezima simu tangu Jumamosi asubuhi. Alipoiwasha Jumapili mchana kulikuwa na maneno kwenye kundi. Mdogo wangu alikuwa ameweka kwenye stetasi picha ya watoto na zile nyayo, ndugu mmoja akaiona na kuandika, "Kumbe michango yetu inakula bata ufukweni." Wengine wawili waliweka vicheko. Mmoja alimkemea.

Nilipandwa na hasira, nikaandika hesabu yote, 295,000, nani kalipa, lini, kwa nini. Leo naona nilikosea tena. Kwa kutetea safari kwa risiti nilikubali kwamba mzazi wa mtoto mgonjwa anahitaji kibali cha waliomchangia ili akae juani na wanawe. Aliyechanga ana haki ya kujua mchango wake umetumikaje. Sidhani ana haki juu ya uso wa huzuni.

Wifi hakuniunga mkono wala hakumjibu yule ndugu. Aliandika, "Tuko Bagamoyo. Mtoto amepata choo na amekula samaki. Tunarudi leo jioni." Ulikuwa ujumbe wake wa kwanza katika kundi lile usio na neno asante, na sikuwahi kusoma wenye furaha kama huo kutoka kwake.

Ninavyokielewa kisa hiki

Jina Bagamoyo watu hulitafsiri "bwaga moyo", na wanagombania maana: wapagazi waliofika pwani baada ya miezi ya safari wakaweka mzigo chini, au waliotekwa waliokata tamaa walipoiona bahari. Wifi aliniuliza ni ipi ya kweli, nikamwambia mji huo umebeba zote mbili. Lakini sitaki kuupa mji sifa isiyo yake. Ijumaa tulikuwa Bagamoyo hiyohiyo na hakuna kilichobwagwa.

Kilichobadilika naona ni mambo matatu yaliyokutana, na la kwanza ndilo zito. Tulikuwa tumeigeuza shukrani yake kuwa kazi. Mtu anayedaiwa asante tangu asubuhi hadi usiku hawezi kujua ana nini moyoni, kama mpishi wa sherehe asivyoijua njaa yake. Jumamosi asubuhi simu ilikuwa imezimwa, na kile kilichotokea chooni hakikuwa na mfadhili. Hakikutolewa na mtu. Ndiyo maana alishukuru bila kutazama upande wa yeyote.

La pili ni mkoba. Anayebeba kipimajoto anamtazama mtoto kama chati: macho yana njano, mdomo una vidonda, joto ngapi. Nilifanya hivyo miaka 32 na ni kazi njema, lakini haiachi nafasi. Nilipoubeba mimi, yeye akamwona binti yake akicheka.

La tatu, ukubwa wa kitu chenyewe. Tulikuwa tunamtaka ashukuru kwa uhai, kwa upasuaji, kwa hatua ya pili badala ya ya nne. Hayo ni makubwa mno na hayajaisha, na kila moja lina mtoto mwingine nyuma yake ambaye hakulipata. Kushukuru kwa hayo kulimtaka apige hesabu dhidi ya mama mwenzake. Choo hakina hesabu hiyo. Kupata kwake hakumnyimi mtoto wa kitanda cha tatu chochote.

Wapo watakaosema hofu ya usiku wa Jumamosi iliharibu safari. Nimelifikiria sana. Naona hofu haikuondoka hata kidogo. Ilikuwa mlemle na ile furaha, zimelala kitanda kimoja kama wale ndugu wawili. Maneno ya mdogo wangu alfajiri ndiyo yaliyonifungua macho. Alikuwa ameshukuru ndani ya hofu yenyewe, kwa kuwa safari hii alikuwa na wenziwe.

Wiki ya 16, isiyo na dawa, seli zake zilikuwa chini na daktari hakuruhusu safari yoyote. Baba na mkubwa walikuwa wamesharudi Songea. Jumamosi wifi alitandika mkeka uani, chini ya mwarobaini, akanipa mkoba bila kuombwa, akazima simu. Mtoto alikaa na bakuli la papai, akawa anaburuta mguu kwenye vumbi kwa makusudi, anatafuta mkia.